Mtoto wa miaka 8 haoni mbali: je, kuvaa miwani kutamzidishia tatizo?

MamaWawili: Habari zenu. Kwa miezi kadhaa nimekuwa nikimwona binti yangu akikunja macho kila anapotazama saa ya ukutani, nikadhani ni mazoea tu, hadi mwalimu aliponieleza kwamba huinuka kwenye dawati na kusogea ubaoni ili anakili. Amepimwa na kuandikiwa miwani ya -1.75. Jamaa wananisihi nisimvishe kila siku, eti macho yatazoea na kudhoofika; wengine wanataka nimtafutie yenye nguvu pungufu. Naomba mnieleweshe.

Mpimamacho: Pole, dada, na tafadhali usimcheleweshee miwani. Kwa kawaida jicho la mtoto wa namna hii huwa limerefuka kupita kiasi kutoka mbele kwenda nyuma, hivyo mwanga hukutana kabla ya kuifikia retina (utando wa nyuma ya jicho unaopokea picha), na vitu vya mbali huonekana kana kwamba vimefunikwa na ukungu. Milimita 1 tu ya urefu wa ziada huleta takribani diopta 2.5 hadi 3 (diopta ni kipimo cha nguvu ya lenzi, ndicho kilichotumika kwenye ile -1.75). Namba hupanda kwa sababu jicho linaendelea kurefuka kadiri mtoto anavyokua. Miwani haina hatia. Jaribio lililochapishwa mwaka 2002 lilionyesha kwamba watoto waliopewa miwani yenye nguvu pungufu hali yao ilizidi upesi kuliko waliopewa kipimo kamili. Je, alitiwa matone ya kulegeza msuli wa jicho kabla ya kupimwa? Bila matone hayo, mtoto hukaza jicho na namba ikatoka kubwa kuliko ilivyo.

BabaMsomaji: Naunga mkono, na nakuomba umtoe nje mchana. Huko Guangzhou, China, matokeo yaliyotangazwa mwaka 2015 yalionyesha kwamba katika shule zilizoongeza dakika 40 za kuwa nje kila siku, baada ya miaka 3 asilimia 30.4 ya watoto walikuwa wamepata tatizo hili, dhidi ya asilimia 39.5 katika shule nyingine. Faida hiyo ni kubwa zaidi kwa mtoto ambaye hajaanza, kwa hiyo mfikirie hasa mdogo wake.

MamaWawili: Asanteni sana. Matone alitiwa. Je, ipo dawa ya kupunguza kasi?

Mpimamacho: Ipo. Matone ya atropini yaliyozimuliwa hutumika kila usiku. Katika utafiti wa Hong Kong uliochapishwa mwaka 2019, kiwango cha asilimia 0.05 kilifanya kazi vizuri kuliko 0.025 na 0.01. Usiyanunue mwenyewe, kwani ni lazima daktari wa macho ayaandike na kumfuatilia mtoto. Zipo pia lenzi za miwani zilizobuniwa kwa ajili hiyo, na lenzi ngumu za kuvaa juu ya jicho lenyewe wakati wa kulala, ambazo zinadai usafi wa hali ya juu kwa sababu konea (sehemu angavu ya mbele ya jicho) inaweza kupata maambukizi. Jicho lililorefuka halirudi, lakini inafaa sana kujitahidi asivuke -6, kwa maana kuanzia hapo hatari ya retina kubanduka ukubwani huongezeka mno. Mrudishe baada ya miezi 6, na uombe urefu wa jicho upimwe ikiwa kifaa kipo, ili mwone anakwenda kwa kasi gani kabla ya kuchagua tiba.