Wauza samaki wa mapambo hapa Unguja, acheni kutuuzia kambare kwa jina la papa!

Assalaamu alaykum wana jukwaa.

Uzi huu nimeuandika mara mbili nikaufuta kwa hasira. Leo siufuti.

Juzi saa nne na robo za usiku nimepigiwa simu na mke wa binamu yangu, wanakaa Michenzani ghorofa ya tatu. "Shemegi, njoo na ndoo kubwa, samaki wa mtoto anataka kuvunja kioo." Nyuma yake namsikia mtoto analia. Umeme ulikatika tangu magharibi, ukarudi kwa ghafla, taa ya sebuleni ikawaka, samaki akashtuka. Akajipiga kichwa upande huu, akageuka akajipiga upande ule, maji yakaruka mpaka kwenye zulia. Nilipofika amelala ubavu chini. Pua imechunika, nyama nyekundu iko nje, jicho la kulia limevimba limefunga ukungu mweupe.

Nikaomba utepe wa fundi cherehani, nikampima. Sentimita 52. Nikapima na kioo chenyewe: urefu 75, upana 35. Samaki wa sentimita 52 hageuki kwenye upana wa 35 ila akunje mgongo. Na huyu ameukunja kila siku, kila saa, mpaka nilipomtia kwenye beseni pana lenye nafasi ya kujinyoosha, bado amepinda. Uti wa mgongo umekwenda kombo na haurudi tena.

Alinunuliwa Idi ya mwaka juzi, ana urefu wa kidole, shilingi elfu nane. Mtoto aliambiwa ni papa. "Papa wa maji baridi."

Hapo ndipo damu inaponichemka. Hapa ni Unguja! Watu tuliokulia kwenye mchuzi wa papa mkavu, tunaomjua papa kwa harufu kabla hatujaingia Darajani, tunauziwa kambare na kuambiwa papa? Papa hana mifupa, ana gegedu tupu. Papa hana sharubu kama hizi. Ngozi ya papa ukiipapasa kinyume inakwaruza kama msasa. Huyu mnayemuuza ni pangasi, jina lake la kitaalamu Pangasianodon hypophthalmus, kambare wa mito ya Mekong na Chao Phraya huko Asia. Ndiye huyohuyo anayefugwa Vietnam kwenye mabwawa, akakatwa minofu, akagandishwa, akasafirishwa dunia nzima kuliwa. Anafika sentimita 130. Kilo 40 na zaidi. Huko kwao anasafiri mamia ya kilomita mtoni, tena kwa makundi, hakai peke yake. Mmempa mtoto wa darasa la sita amuweke peke yake kwenye kioo juu ya kabati la televisheni.

Jana asubuhi nikaenda dukani. Duka silitaji, mtaa siutaji, maana mchezo huu haufanywi na duka moja. Nikajifanya mteja.

"Bwana, huyu nani?"

"Papa huyo mzee wangu. Wamekuja wapya juzi na boti."

"Anakuwa mkubwa kiasi gani?"

"Inategemea na tangi lako. Tangi dogo, na yeye anabaki mdogo. Samaki anajijua mwenyewe."

Nikamuuliza tena ili nisimdhulumu, labda sikusikia vizuri. Akarudia vilevile, na mwenzake wa pili akaitikia, na kijana anayebadilisha maji naye akatia lake. Mji wa kambare, kila mtu ana sharubu. Wote wataalamu, na wote wamesema uongo mmoja.

Samaki hajijui mwenyewe! Hakuna samaki anayetazama kioo akaamua asikue. Kinachotokea ni kwamba maji yanachafuka kwa uchafu wake mwenyewe, chakula hakimfai, hana pa kuogelea, mwili unadumaa na maungo yanakwenda upande. Mtoto wa mtu ukimfungia sandukuni naye atadumaa. Utasema amejijua?

Na msiniambie "mbona wangu ana miaka mitatu mzima." Huyu kambare anaweza kuvuta hewa juu ya maji. Maji yakiisha oksijeni anapanda, anagugumia hewa, anashuka. Samaki mwingine angekufa wiki ya kwanza mkajua mmekosea. Yeye hafi. Anateseka taratibu, na nyinyi mnaona yuko hai mnadhani ana raha.

Wacha niseme habari ya maji, maana hapa ndipo watu wengi wanapopotea, na si kosa lao kwa sababu dukani hawaambiwi. Samaki anatoa amonia, nyingi yake kupitia matamvua. Amonia hiyo inamuunguza matamvua hayohayo anayopumulia. Kinachomwokoa ni bakteria wanaoota kwenye sponji la filta: wapo wanaoigeuza amonia kuwa naitraiti, ambayo nayo ni sumu, na wapo wanaoigeuza naitraiti kuwa naitreti, ambayo madhara yake ni madogo ukibadilisha maji mara kwa mara. Sasa chukua kile kioo cha futi mbili kinachouzwa sana, sentimita 60 kwa 30 kwa 35. Zidisha: lita 63, na hapo hujatia mawe wala mchanga. Kambare wa kilo moja na nusu ndani ya lita 63! Hakuna sponji la kumudu kazi hiyo.

Tena hapa kwetu hali ni mbaya zaidi kuliko wanavyoeleza mafundi wa nchi za baridi. Maji ya visima vyetu yanapita kwenye mawe ya chokaa. Kama huamini, tazama ule ukoko mweupe ndani ya birika lako la chai. Maji ya aina hiyo yana ualkali, na kwenye maji ya alkali sehemu kubwa zaidi ya amonia inakaa katika hali yake ya sumu. Joto nalo linazidisha, na maji ya moto hayashiki oksijeni nyingi. Halafu umeme unakatika, filta inasimama, bakteria wanaanza kufa. Waliofuga samaki Unguja tangu Disemba 2009 mpaka Machi 2010, waya wa baharini ulipokufa tukakaa karibu miezi mitatu gizani, hawa hawahitaji kufundishwa. Mimi nilipoteza kila samaki mkubwa niliyekuwa naye. Waliobaki ni gapi, vidogo kama punje, kwenye tangi la lita 200 ambalo kwao lilikuwa bahari. Tangu mwaka ule sijaweka samaki ambaye maji yangu hayawezi kumbeba siku tatu bila mashine.

Pleko, naye jamii ya kambare, ni kesi nyingine. Huyu mnamuuza kwa jina la "msafisha kioo", na kila mwenye tangi ameshauziwa mmoja. Ndiyo, akiwa mdogo analamba ukoga. Lakini pleko wa kawaida anafika sentimita 40, ana gamba gumu kama deraya, na kinyesi anachotoa kwa siku ni kirefu kuliko ukoga aliokula. Mtu ananunua msafishaji, anapata mchafuzi mkubwa kuliko samaki wote mle ndani. Akikua anaacha ukoga, na usiku anawabandika wenzake ubavuni kunyonya ule ute wa ngozi. Goldifishi wangapi wamekutwa asubuhi na vidonda, mwenye tangi akauziwa dawa ya vidonda na duka lilelile?

Hao angalau mtu anaweza kusema hakujua. Kuna hoteli moja, nayo siitaji, imeweka mapokezi kambare mkia mwekundu. Kambare wa Amazon! Huyu anapita mita moja, na wamewahi kuvuliwa wenye zaidi ya kilo 50. Akilishwa vizuri, mwaka mmoja tu anapita sentimita 30, na chochote kinachoingia mdomoni mwake anakimeza: samaki wenzake, mawe, vipande vya filta. Kioo cha hoteli kina mita moja na nusu. Wageni wanapiga picha. Nilimwambia kijana wa zamu kwa adabu kwamba huyu samaki atapita upana wa mlango. Akanijibu, "Akikua tutamrudisha baharini."

Baharini! Kambare wa maji baridi! Chumvi itamkausha maji mwilini akiwa hai, atakufa mbele ya macho yenu hapo ufukweni. Na asiyemtupa baharini anamtupa wapi? Kwenye mto Mwera, kwenye mifereji ya mpunga ya Cheju na Mtwango, kwenye vijito vya Pemba. Kisiwa hiki maji yake ya juu ni machache mno, yanahesabika kwa vidole. Pleko wameshaingia mito ya Mexico, ya Florida, ya Ufilipino, na hata Afrika Kusini, na asili yao ni matangi ya watu waliosema "nimemwonea huruma nikamwachia." Wanatoboa kingo kwa mashimo ya kuzalia, udongo unaporomoka. Na huko kwenye mito kambare wakubwa wanaokula viumbe wengine hawabagui. Kijito chenye upana wa hatua mbili kitawezaje kuwabeba?

Sote tumesomeshwa chuoni habari ya yule mwanamke na paka aliyemfungia ndani, asimlishe wala asimwachie akajitafutie. Mnafikiri kioo si kufungia?

Kinachoniuma zaidi ni kwamba njia nyingine ipo, na ipo kwetu. Ziwa Tanganyika lina ngogo wadogo, wa madoadoa meusi na mapezi yaliyotiwa nakshi nyeupe pembeni, wapo ambao hata wakimaliza kukua hawapiti kiganja cha mtu mzima. Kambare kamili, sharubu zote anazo! Mwingine katika ukoo wao anafanya kitu cha ajabu: anapenyeza mayai yake kwa samaki wanaolelea watoto mdomoni, yule mama akayaokota akamlelea wanawe bila kujua. Mtoto akiona hilo hataki papa tena. Na maji ya Tanganyika ni ya alkali, magumu, kwa hiyo ngogo hawa wanayapenda maji yetu ya chokaa kama yalivyo. Samaki wa nchi yetu, wa ukubwa wa vioo vyetu, wanaofaa maji yetu, wanasafirishwa kwenda Ulaya, na sisi tunaletewa kambare wa Mekong.

Ninachotaka ni kidogo. Muuzaji aandike kwenye kioo: jina la kweli la samaki na urefu atakaofika. "Pangasi, sentimita 130." Basi. Mama wa mtoto akisoma hapo atacheka, ataondoka, atanunua gapi. Mnajua hivyo, ndiyo maana hamuandiki. Na samaki asiyefaa kioo chochote cha nyumbani msimlete. Mwenye bwawa la kufugia atamwagiza mwenyewe.

Na wewe mnunuzi, kabla ya kutoa pesa uliza urefu, halafu usikubali jibu la "inategemea na tangi."

NYONGEZA: Kuna aliyeandika hapo chini kwamba nina wivu wa biashara. Mimi siuzi samaki. Ninao nyumbani Fuoni na birika la zamani la zege, mita mbili na nusu kwa moja na nusu, kina mita moja. Hizo ni lita 3,750, na kwa pangasi bado ni dogo. Mle mna pleko wawili nilioletewa na watu tofauti, mna pangasi wa jirani, na sasa yupo huyu wa Michenzani.

NYONGEZA YA PILI: Wanaouliza hali yake, jicho la kulia limekufa. Leo asubuhi amekula punje chache. Anaogelea kwa duara dogo katikati ya birika, duara la kioo chake kilekile, pembeni hafiki. Mtoto alikuja baada ya skuli akakaa ukingoni muda mrefu, akaniuliza, "Ami, kwa nini haendi kule?" Nikamwambia hajajua bado kama kule kupo.

Jamani msinipigie tena. Watu watatu wamenitumia ujumbe tangu jana, kila mmoja ana kambare wake, mmoja yuko Wete na yuko tayari kumleta kwa meli. Birika limejaa. Mrudisheni mlikomnunua, mwambieni aliyekuuzieni amtie kwenye kioo chake mwenyewe.