Kadi ya mihuri kumi inamfaa nani katika duka dogo?

Mwanzisha mada

Ninaomba tujadili jambo ambalo mimi na mwenzangu tunayeendesha naye duka hatujaafikiana. Yeye anataka tuanzishe kadi ya mihuri, ambapo mteja akinunua mara tisa, ya kumi anapewa bure. Hofu yangu ni kwamba watakaozijaza kadi hizo ni wale wale ambao wangekuja hata bila kadi, na kwa hiyo tutakuwa tunawalipa watu kwa jambo wanalolifanya tayari kwa hiari yao. Je, mipango hii huongeza mauzo ya biashara ndogo, au ni mtindo wa makampuni makubwa ambao wadogo tumeuiga kwa kuuona tu?

Mkongwe wa kaunta

Usianzishe, ndugu yangu. Mpango huu haukubuniwa kwa ajili ya mtu mwenye duka moja. American Airlines walipoanza mpango wao wa kuwatuza abiria mwaka 1981, na Tesco, wenye maduka makubwa ya Uingereza, walipoleta kadi yao mwaka 1995, faida kubwa waliyoipata ni kumbukumbu za nani ananunua nini, lini na mara ngapi. Kampuni yenye mamilioni ya wateja haiwezi kuwajua kwa sura, ndiyo maana hulipia habari zao kwa pointi. Wewe unayeshinda kaunta unamjua mteja wako, unajua anachokipenda, na unajua tangu lini hajaonekana. Sasa unalipia nini? Wahenga walisema kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza, na duka linalohitaji kadi ili watu warudi lina kasoro ambayo kadi haitaiponya.

Mwenye saluni

Nimeisoma hoja ya mzee hapo juu hadi mwisho, na methali yake imenichoma. Huu ni mwaka wangu wa tatu wa kutoa kadi. Je, kazi ya mikono yangu ndiyo kibaya kinachojitembeza? Methali hiyo inamhusu mtu anayesifia mali mbovu mbele ya wasioijua, ilhali kadi yangu hupewa mteja ambaye amekwisha kuhudumiwa na kuridhika. Kumshukuru mtu si kumshawishi.

Mkongwe wa kaunta

Dada yangu, sikukutaja wewe, wala sijawahi kuiona kazi yako. Hata hivyo, shukrani yenye masharti ya kurudi mara tisa ni mapatano ya biashara, na tuyaite hivyo.

Mhasibu

Mali bila daftari huisha bila habari, na hadi sasa tunabishania methali huku daftari likiwa limefungwa. Tuchukue bidhaa ambayo mwenye duka anainunua kwa 80 na kuiuza kwa 100. Akiuza kumi bila kadi, faida yake ni 200. Akiwa na kadi, analipwa kwa tisa, yaani 900, ilhali zote kumi zimemgharimu 800, na faida inayobaki ni 100. Punguzo linalosomeka kama asilimia 10 limekula nusu ya faida, na mteja huyo lazima anunue mara mbili ya alivyokuwa akinunua ndipo muuzaji arudi pale alipokuwa. Hali ya mwenye saluni ni tofauti, kwa sababu kiti kikiwa kitupu, huduma ya bure humgharimu vifaa kidogo na muda ambao ungepotea hata hivyo. Lipo pia jambo ambalo wengi hulisahau, nalo ni kwamba kadi iliyojaa nusu ni deni. Kanuni ya kimataifa ya uhasibu iitwayo IFRS 15, inayotumika tangu mwaka 2018, huzitaka kampuni zinazoifuata zitenge sehemu ya mapato ya leo kwa ajili ya zawadi ya kesho. Duka dogo huenda lisibanwe na kanuni hiyo, lakini deni halibadiliki kwa sababu hakuna aliyeliandika.

Mwenye saluni

Muda wangu haupotei, ndugu Mhasibu. Ninapokuwa sina mteja, ninasafisha vifaa, ninapanga miadi na ninapumzisha mgongo. Watu wa hesabu huona kiti kitupu na kusema kuwa ni bure, lakini mikono inayofanya kazi hiyo ni ile ile.

Mnunuzi

Mhasibu amelitaja deni, na hapo ndipo nilipoamua kuchangia. Niliwahi kufikisha mihuri minane katika kadi ya duka moja, nami nikawa ninapita maduka mengine mawili ili nilifikie hilo. Siku niliyokwenda kupata muhuri wa tisa, nilielezwa kwamba utaratibu umebadilika na kadi za zamani hazipokelewi. Thamani ya zawadi yenyewe ilikuwa ndogo, na ningeweza kuinunua siku hiyo hiyo. Kilichoniuma ni kwamba mimi nilitimiza sehemu yangu ya ahadi mara nane, na wao walitakiwa kutimiza yao mara moja tu. Sijarudi tangu siku hiyo. Kama kadi isingekuwapo, ningekuwa mteja wao mpaka leo.

Mwalimu wa biashara

Kisa cha Mnunuzi kinaeleweka tukikumbuka kwamba mtu huongeza mwendo anapokaribia lengo. Kuna jaribio lililofanyika kwenye sehemu ya kuoshea magari, ambapo wateja 300 walipewa kadi, wengine za mihuri minane, wengine za mihuri kumi ambayo miwili yake ilikuwa imekwisha kugongwa. Nakumbuka kwamba nusu ya kundi la pili walimaliza.

Mhasibu

Waliomaliza katika kundi la pili ni asilimia 34, na katika kundi la kwanza ni asilimia 19. Jaribio hilo ni la watafiti Nunes na Drèze, lililochapishwa mwaka 2006. Makundi yote mawili yalibakiza mihuri minane ya kutafuta, kwa hiyo tofauti ilitokana na hisia ya kuwa safari imekwisha kuanza.

Mkongwe wa kaunta

Basi mnakubali kwamba mihuri miwili ya mwanzo ni hila. Mteja wangu sitamchezea akili.

Mwalimu wa biashara

Nakubali nilikosea ile nusu, lakini neno hila silikubali, kwa maana hakuna aliyeambiwa uongo. Mwanzisha mada aliuliza swali ambalo tumelipita mbio. Mwaka 2007 mtafiti Yuping Liu alichapisha uchunguzi wa mpango wa aina hii katika maduka madogo ya rejareja. Wanunuzi wakubwa ndio walioelekea zaidi kudai zawadi, lakini mpango haukuwafanya waongeze manunuzi. Walioongeza, tena polepole, ni wanunuzi wadogo na wa kati. Hofu yako, ndugu, ina msingi, ila haifungi mlango, kwa sababu faida inategemea una wateja wangapi wa kundi hilo la wadogo na wa kati na kama una subira ya kuwangoja.

Mkongwe wa kaunta

Na huyo mteja mkubwa, ambaye ndiye anayeliweka duka wazi, mtamnyima kadi? Mkimpa, mnapunguza faida. Mkimnyima, atamwona mgeni akipewa alichonyimwa yeye.

Mwenye saluni

Mimi humpa kila mtu. Kwenye daftari langu ninaandika ni nani amemaliza kadi ya kwanza na kuanza ya pili, na katika miaka hii mitatu wengi wao ni wale waliokuwa wakija kwa nadra.

Mwanzisha mada

Nimeipiga hesabu ya Mhasibu kwa bidhaa zetu, na faida yetu ni nyembamba kuliko ya mfano wake, kwa hiyo bidhaa hazitaingia kwenye kadi. Tunafanya pia matengenezo madogo, ambayo gharama yake ni muda wetu, na huko ndiko tutakakojaribu kwa miezi sita, tukiandika majina kama afanyavyo dada wa saluni.

Mnunuzi

Iandike miezi hiyo sita kwenye kadi yenyewe, pamoja na siku ya mwisho ya kudai zawadi, na uiandike kabla hujagonga muhuri wa kwanza.