Tupeane uzoefu: Mapambo ya Krismasi, Idd na Maulidi maeneo ya umma Kigoma, yawekwe vipi yasizue ugomvi?

Mwanzisha uzi

Wakuu, salaam. Desemba ikikaribia mjadala ni uleule, na Mfunguo Sita (mwezi wa Maulidi) ukiingia unarudi tena: mti wa Krismasi kwenye kipilefti (mzunguko wa barabara) ni halali? Mwezi na nyota getini mwa soko je? Hoja ya "nchi haina dini" tumeisikia mpaka basi. Uzi huu ni wa wanaochomelea, wanaovuta waya, wanaofunga mabango na wanaoandika barua za vibali. Leteni vipimo, hatua na kinachoharibika pamoja na sababu yake. Visa vya fulani kagombana na fulani pelekeni kwingine.

Karani wa Kata

Nianze na lililo kavu, maana wengi huliruka. Kabla ya kuuliza kama pambo la dini linaruhusiwa, uliza ardhi ni ya nani. Mjini Kigoma unaweza kutembea nusu saa ukavuka mamlaka tano. Barabara kuu na za mkoa ni za TANROADS (wakala wa barabara wa taifa), na hifadhi yake ni mita 30 kila upande kutoka katikati. Mitaa ya ndani ni ya TARURA (wakala wa barabara za vijijini na mijini). Uwanja wa stesheni ni wa shirika la reli, gatini ni bandari, soko na stendi ni manispaa. Nguzo za umeme ni za TANESCO, hazifungwi kitu, hata utepe. Barua ya manispaa haikupi ruhusa ya kupamba ukuta wa stesheni, na hapo ndipo watu huambiwa "toeni" kisha wakadhani wameonewa kwa dini yao.

Barua iwe ukurasa mmoja, ipitie kwa mtendaji wa kata, na ipelekwe walau wiki tatu kabla. Itaje mahali hasa (ambatanisha mchoro wa mkono), urefu na upana wa pambo, litakachosimamia, umeme unatoka mita ya nani, siku ya kuweka, siku ya kutoa, na jina na simu ya atakayeitwa likianguka usiku. Siku ya kutoa ndiyo muhimu kuliko zote. Pambo lisilo na siku ya kutoka hugeuka mnara, na mnara ndio unaozua maswali. Kama kuna zafa au maandamano, taarifa kwa OCD (mkuu wa polisi wa wilaya) ni barua nyingine kabisa, isipungue saa 48.

Mchomeleaji wa Gungu

Karani kasema kweli, lakini nusu ya ugomvi ni wa shimo. Kila kikundi kinachimba lake na kuliacha, mwishowe kipilefti kinafanana na shamba la mihogo lililovunwa.

Dawa ni soketi moja ya kudumu (bomba lililozikwa la kuchomekea mlingoti), wote waitumie. Chukua bomba la chuma la inchi 2½, lile nene, ukate sentimita 90. Chimba shimo la sm 40 kwa 40, kina mita 1. Mwaga kokoto tupu sm 10 chini, maji yapate pa kwenda. Simamisha bomba kwa timazi, mdomo wake ubaki juu ya udongo kwa sm 2 hivi, kisha mwaga zege la 1:2:4. Kwa shimo hilo mfuko mmoja wa saruji wa kilo 50 unatosha, na ndoo tatu na nusu za mchanga, ndoo saba za kokoto, maji ndoo moja na nusu (ndoo ya lita 20). Ukizidisha maji ili zege "liteleze", litanyauka na kuachia bomba. Liloweshe asubuhi na jioni kwa siku saba ndipo usimamishe kitu.

Mlingoti ni bomba la inchi 2 la mita 6. Sentimita 80 zinaingia kwenye soketi, kwa hiyo juu unabaki na mita 5.2. Litachezacheza kidogo, lazima, maana pana nafasi ya milimita chache. Kaza kwa kabari nne za mbao ngumu. Usilichomelee na soketi hata kama mnaharakisha, kwa sababu hapo umeshalifanya la kudumu.

Kichwa ndicho kinachobadilika. Cha Krismasi ni pete tatu za nondo ya milimita 8, za kipenyo cha mita 2, 1.4 na 0.8, ya chini kabisa ikae mita 2.1 kutoka ardhini. Cha Idd ni mwezi wa nondo ya milimita 10, kipenyo mita 1.2. Vyote vinashikwa na boliti mbili za milimita 12 kwenye matundu yaleyale. Kinachovunjika mara nyingi ni weldi ya shingo ya mwezi, kwa sababu mwezi ni mzito upande mmoja na upepo wa ziwani unaupiga kama mlango. Weka pembetatu mbili za bapa shingoni. Na msivalishe kichwa kitambaa kizima au turubai. Hilo ni tanga.

Dereva wa Mwandiga

Ongezeni la kuona barabarani. Kwenye kipilefti, kuanzia sm 60 hadi mita 2 kutoka lami pawe wazi. Dereva wa gari dogo anatazama akiwa usawa wa mita 1 na kidogo, pango la mbao (kibanda cha Krismasi chenye sanamu ya Mtoto Yesu) likikaa katikati haoni bodaboda anayetokea kulia. Bango la kuvuka barabara lisishuke chini ya mita 5.5, maana lori la magunia halipimwi na mtu. Na taa za kumwekamweka nyekundu na bluu zinafanana na za polisi, achaneni nazo.

Fundi Umeme Mwanga

Desemba Kigoma ni mvua, kwa hiyo tusidanganyane na zile nyuzi za taa za ndani zinazouzwa sokoni. Geuza boksi usome. Kama halisemi ni za nje, maji yataingia kwenye kile kidude cha kubadilisha mwako na mchezo umeisha siku ya pili.

Hesabu ya umeme, kwa sababu ndiyo inayogombanisha ("kwa nini kodi yetu ilipie Krismasi yao?"). Uzi mmoja wa taa 100 za LED unakula kama wati 8. Nyuzi 20 ni wati 160. Ukiwasha saa 12 jioni hadi saa 6 usiku ni saa sita, sawa na uniti 0.96. Sema uniti moja kwa siku, siku 14 uniti 14. Balbu za zamani za kioo ni wati 40 kwa uzi, hapo unafika karibu uniti 67 kwa siku hizohizo. Wenye sikukuu wanunue LUKU yao, wafunge mita ndogo ya kusomea, namba iandikwe siku ya kuwasha na siku ya kuzima. Karatasi hiyo ikibandikwa ofisi ya kata, maneno hupungua sana.

Kebo iwe ya mpira ya milimita 1.5 za mraba, isipite ardhini penye watembea kwa miguu. Viungio vyote viwe ndani ya boksi, tundu la kebo likitazama chini, na kabla ya soketi ya umeme weka RCD (kifaa kinachokata umeme ukivuja) ya miliampia 30. Bonyeza kitufe cha majaribio kila jioni kabla ya kuwasha. Mlingoti wa chuma uwe na ethi yake (njia ya kupeleka umeme ardhini), fimbo ya shaba ya mita 1.2 ipigwe karibu. RCD ikikata kila mvua ikinyesha, usiitoe wala usiipitie pembeni. Tafuta kiungio kilicholowa.

Mwana Ujiji

Kwa upande wa Maulidi, tatizo siyo bendera. Tatizo ni maandishi. Aya au jina la Mungu likichapwa kwenye bango la barabarani, upepo ukaliangusha, likakanyagwa na bajaji, hapo hata aliyelifunga kwa mapenzi anaonekana mkosaji. Barabarani andika "Karibuni Maulidi", tarehe na mahali, basi. Aya zikae msikitini, zilikohifadhiwa. Zilizochakaa huzikwa mahali safi au huchomwa kwa heshima, hazitupwi jalalani. Wapeni neno hilo vijana wa kutoa mapambo, wao ndio wenye gunia.

Bango lenyewe likipasuka ni kwa sababu limefungwa kwa waya mkavu kwenye pembe nne. Weka ringi kila sm 50 na ufunge kwa vipande vya tyubu ya baiskeli, upepo unavuta unarudi. Kutoboa matundu ya mwezi katikati ya bango hakusaidii, kunaanzisha mpasuko.

Halafu msidhani mpinzani lazima awe wa dini nyingine. Wapo Waislamu wasiosherehekea Maulidi kabisa, wanaona si katika dini. Wapo Wasabato na Mashahidi wa Yehova ambao Krismasi yenu haiwahusu. Ukiitisha kikao cha "sheikh mmoja na padri mmoja" umewaacha hao nje, na barua ya malalamiko itatoka kwao.

Mhudumu wa Sakristia

Nakubaliana na Mwana Ujiji kwa yote, na kwetu ni vilevile. Matawi yaliyobarikiwa Jumapili ya Matawi hayatupwi. Hurudishwa kanisani, yakachomwa, majivu yake ndiyo ya Jumatano ya Majivu inayofuata.

Kuhusu pango: tangu Mtakatifu Fransisko alipotengeneza lile la Greccio mwaka 1223, pango ni kitu cha ibada. Ushauri wangu, ingawa parokia nyingine hawatapenda, libaki ndani ya uzio wa kanisa hata kama barabarani lingeonekana na wengi. Nje weka nyota na mti. Sanamu ya Mtoto ikiwa kipileftini usiku utamweka mlinzi, na mlinzi utamlipa. Kutoa mapambo: wengi hutoa baada ya Epifania, tarehe 6 Januari, Wakatoliki huendelea hadi Ubatizo wa Bwana. Kwenye barua ya kata andikeni tarehe moja tu, ile ya mwisho.

Kwa matao tumieni matawi ya mchikichi, Kigoma hayanunuliwi kwa shida. Yakatwe jioni, vikonyo vilale kwenye ndoo ya maji usiku kucha. Siku ya nne yanaanza kuwa njano, ya sita yanawaka kama karatasi, kwa hiyo taa na mishumaa viwe mbali.

Wakili wa Lumumba

Kwetu Katiba, ibara ya 19, inampa kila mtu uhuru wa dini na inaweka uendeshaji wa jumuiya za dini nje ya shughuli za mamlaka ya nchi. Haisemi mti usisimame sokoni. Inachodai kwa mantiki ni kwamba ofisi isiwe mwenye sherehe.

Wamarekani wamelipeleka mahakamani mara nyingi kuliko wote. Mwaka 1984 Mahakama ya Juu yao iliruhusu, kwa kura 5 dhidi ya 4, pango la mji wa Pawtucket kwa kuwa lilikuwa katikati ya mapambo mengine ya msimu. Mwaka 1989 huko Pittsburgh ikakataa pango lililokaa peke yake kwenye ngazi kuu za mahakama, lakini ikaruhusu kinara cha Kiyahudi cha futi 18 kilichosimama kando ya mti wa Krismasi wa futi 45. Mwaka 2022 Boston ilishindwa kwa kura zote 9: ilikuwa imeruhusu bendera za vikundi kwenye mlingoti wa ofisi ya jiji katika hafla 284 bila kukataa hata moja, ilipofika ya Kikristo ikakataa. Ufaransa, sheria ya 1905 inazuia alama za dini kwenye majengo ya umma, na bado mwaka 2016 Baraza la Dola lao (mahakama yao ya juu ya mambo ya utawala) lilisema pango linaweza kuwekwa likiwa ni la utamaduni na la muda.

Dereva wa Mwandiga

Mkuu, sisi si Pittsburgh.

Wakili wa Lumumba

Sawa kabisa, ndugu. Chukua la Boston peke yake: kata iwe na daftari. Aliyeomba, alichoomba, alichojibiwa, sababu. Ukimkatalia wa kumi lazima uonyeshe sababu iliyowahusu hata wale tisa, kwa mfano urefu au kuzuia njia.

Karani wa Kata

Daftari hilo liwe na kalenda pia. Mwaka wa Kiislamu hurudi nyuma siku 11 hivi, kwa hiyo zamu hazitakaa mbalimbali daima. Mwaka 2015 Maulidi iliangukia tarehe 24 Desemba. Kwa hesabu ya kalenda, mwandamo ukiruhusu, Ramadhani itaanza mwishoni mwa Desemba 2030, na Idd el Fitri ya Desemba 2033 itaangukia karibu tarehe 23. Soketi ya fundi ni moja, vichwa viwili.

Mchomeleaji wa Gungu

Basi chimbeni mbili mapema, zipishane mita 3, urefu sawa, asije mtu akapima wa nani mrefu.

Mnyamwezi wa Isevya

Nachungulia kutoka Tabora. Huku wanaouita mkrismasi ule mti wa maua mekundu wana bahati, Desemba unajipamba wenyewe na hauombi kibali. Ila fundi hukusema kifuniko. Soketi ikibaki wazi inajaa matope, na mtoto anaingiza mguu.

Mchomeleaji wa Gungu

Ni kweli, nimesahau. Kifuniko cha chuma hakimalizi wiki, wa vyuma chakavu wanapita nacho. Mimina cha zege: chukua kopo la maziwa la kilo moja, weka zege sm 8, chomeka katikati kipande cha mti kinachoingia bomba kwa kubana, kiache kikauke. Hakiuziki. Ukitaka kukitoa pitisha nondo chini ya ukingo ukinyanyue. Mti ukivimba kwa mvua usiupige nyundo, utapasua mdomo wa soketi. Subiri mti ukauke kidogo, unyanyue tena.