Naomba ushauri: dera na ndara za kushindia nyumbani

Assalam aleikum wapendwa. Tangu nijifungue nashinda ndani, hapa Majengo, Mombasa, na joto hili la kaskazi ni kali. Madera yangu ni ya poliesta: yanang'aa, lakini yanashika jasho, na kunyonyesha nayo ni taabu. Nataka la pamba, jepesi, lenye zipu kifuani, na zuri kiasi kwamba wifi akipiga hodi ghafla sikimbilii kubadilisha. Kupendeza ndani ya nyumba yangu ni jambo ninalolithamini sana.

Je, ninunue lililoshonwa tayari, au nichukue leso (khanga) Biashara Street nimpe fundi? Jozi moja yatosha dera la mikono mipana?

Na ndara: za manyoya zanichoma miguu, za mpira zateleza sakafu ikilowa. Nyie mwavaa zipi?