Tupeane uzoefu: Ganzi ya mikono na miguu inakaa wapi, na inakuja saa ngapi?

Mfungua uzi
Wakuu, kila anayelalamika ganzi anajibiwa "kanywe vidonge vya mishipa". Vinasaidia wachache, wengine vinawapotezea muda. Wenye kazi zenu, fizio (wataalamu wa mazoezi tiba), wauguzi, wafamasia na madaktari, tuelezeni ganzi ya eneo gani inatokana na nini, na mtu afanyeje.

Naanza na ile ya kila mtu. Ukichuchumaa au kukunja miguu muda mrefu, mshipa wa fahamu unaopita upande wa nje wa goti, chini kidogo, unabanwa juu ya mfupa. Damu inayoulisha mshipa wenyewe inapungua, taarifa hazipiti, mguu unakuwa kama si wako. Ukiunyoosha, mshipa unazinduka na kuanza kutuma taarifa ovyo, ndiyo zile sindano. Dakika chache zinaisha. Usinyanyuke ghafla maana utateguka kifundo. Chezesha unyayo kwanza. Ila kama unyayo haunyanyuki na vidole vinaburuta ukitembea, hapo mshipa umeumia. Huwapata hata wanaopalilia wakiwa wamechuchumaa kutwa nzima.

Fizio
Kwa mkono, ulizeni vidole kwanza. Gumba, cha shahada, cha kati na nusu ya cha pete: mshipa wa fahamu umebanwa kwenye kifundo cha mkono, pale mkono unapoungana na kiganja. Dalili yake kubwa ni kumwamsha mtu usiku akaukung'uta mkono ndipo apate nafuu. Mafundi cherehani, wasusi, wanaosukuma chapati kwa biashara na wajawazito wa miezi ya mwisho ndio wateja wake. Kipimo cha haraka: kutanisha migongo ya mikono miwili, vidole vikitazama chini, kaa hivyo sekunde 60. Ganzi ikija kwenye vidole hivyo, jibu linaelekea huko.

Dawa ya kwanza ni splinti ya kifundo cha mkono, yaani kifaa cha kukishikilia kisipinde, ivaliwe usiku kwa wiki 6. Hapa ndipo wengi wanakosea: splinti nyingi za dukani zina bamba la chuma lililopinda kuinua kiganja juu. Kiganja kikiinuka, nafasi ya mshipa inazidi kubana. Chomoa bamba, linyooshe, lirudishe, ili kiganja kikae sawa na mkono. Usikaze mikanda mpaka vidole vivimbe. Kama nyama ya chini ya gumba imeanza kubonyea au unaangusha vikombe, splinti haitoshi. Muone daktari wa mifupa mapema, upasuaji wake ni mdogo. Kwa wajawazito wengi huisha baada ya kujifungua.

Kikiwa kidole kidogo na nusu ya cha pete, splinti hiyo haitafanya kitu, maana tatizo mara nyingi liko kwenye kiwiko. Acha kuegemea meza, simu ndefu tumia spika, na usiku zungushia taulo kwenye kiwiko kisikunjike.

Paja la nje tu kuwaka na kufa ganzi, nguvu zikiwepo: legeza mkanda. Walinzi wenye mikanda mizito wanaijua hii.

Muuguzi, kliniki ya kisukari
Ya sukari haichagui upande. Inaanza vidole vya miguu yote miwili, inapanda kama mtu anavaa soksi, na usiku miguu inawaka moto hata shuka haivumiliki. Kipimo cha nyumbani kilianzia Ipswich, Uingereza: mgonjwa afumbe macho, mguse taratibu kwa ncha ya kidole, sekunde 1 hadi 2, kwenye kidole gumba, cha kati na cha mwisho cha kila mguu. Jumla sehemu 6. Usibonyeze wala kupapasa. Akikosa 2 au zaidi, hisia zimepungua, aende kliniki.

Na tafadhali, acheni kuwalowekea wazee miguu kwenye maji moto ya chumvi. Asiyehisi haungui kidogo, anaungua mpaka malengelenge, na kidonda hicho ndicho kinachoishia kukatwa mguu. Maji yapimwe kwa kiwiko, viatu vitiwe mkono ndani kabla ya kuvaa, nyayo zikaguliwe kila jioni.

Mfamasia
Nije kwenye vidonge. Mgonjwa wa sukari anayetumia metformini miaka mingi anaweza kupungukiwa vitamini B12, nayo huleta ganzi ileile ya soksi. Msiilaumu sukari peke yake, pimeni B12. Kumpa asidi ya foliki (vitamini ya kuongeza damu) peke yake ni hatari: damu inapanda vizuri huku mishipa ikiendelea kuharibika.

Isoniazidi ya kifua kikuu, ya tiba na hata ya kinga, inahitaji vitamini B6 ya miligramu 10 hadi 25 kwa siku. Ukipewa bila B6, uliza. Lakini B6 ikizidi nayo inaleta ganzi! Baadhi ya vidonge vya mishipa vina miligramu 100 au 200 kwa kimoja, na watu wanavimeza miezi na miezi. Soma boksi.

Mchangiaji
Mkuu, na baka la ngozi lisilohisi?

Muuguzi, kliniki ya kisukari
Baka lililopauka au jekundu, haliwashi, ukilipitishia pamba hulisikii: fikiria ukoma. Nenda kwa mratibu wa kifua kikuu na ukoma wa wilaya. Dawa ni bure, miezi 6 au 12 kutegemea aina, na ukiwahi mikono inabaki salama.

Daktari wa dharura
Midomo na vidole vya mikono yote kuchezacheza wakati mtu ana hofu na anahema haraka, hiyo ni hewa ya ukaa kupungua kwenye damu. Atulizwe, apumue polepole. Mfuko wa plastiki usoni hapana.

Za kukimbia nazo hospitali ni hizi. Ganzi ya sehemu unayokalia pamoja na mkojo kugoma au kutoka wenyewe: uti wa mgongo, siku hiyohiyo. Ganzi na udhaifu unaopanda kutoka nyayo kwa siku chache, hasa baada ya kuharisha: unaweza kufika kwenye misuli ya kupumulia, usisubiri ifike magotini. Ganzi ya ghafla upande mmoja, mdomo kupinda, maneno kugongana: kiharusi. Msimpe aspirini nyumbani, kwani kama ni damu imevuja kichwani mtaiongeza. Kumbukeni saa aliyoonekana mzima mara ya mwisho, kwa sababu dawa ya kuyeyusha damu iliyoganda hutolewa ndani ya saa 4 na nusu kuanzia hapo, na swali hilo ndilo mtakaloulizwa mlangoni.