Naomba ushauri: baiskeli ya Raleigh ya kike ya bibi, nataka kuiwekea gia

Habari zenu wakuu. Nina fremu ya Raleigh ya kike, ile isiyo na bomba la juu, niliyoachiwa na bibi. Chuma bado kizima, kutu ni ya juu juu tu. Nataka kumuundia mke wangu baiskeli ya kwendea sokoni hapa Tanga. Anavaa baibui, ya kiume haimfai.

Nimekwama kwenye kranki (pale pedali zinapozungukia). Kikombe kimoja cha gololi kimelika. Nimenunua vipya mara mbili, vinaingia mzunguko mmoja halafu vinakaza. Fundi alitaka kulazimisha kwa spana ndefu, nikamzuia (mkono wake mzito yule). Baadaye ndiyo nikajua kwamba Raleigh za zamani zina meno ya hesi (mistari ya skrubu) 26 kwa inchi, na hivi vya dukani vina 24. Bora nilimzuia.

Nyuma nako, nafasi ya kukaa habu (kitovu cha gurudumu) ni milimita 114, ila habu ya gia saba niliyopata mtumbani ni 135. Fundi anasema tuipanue taratibu kwa mkono.

Kwa aliyewahi kufanya: fremu ya kike itahimili kupanuliwa milimita 21 bila kwenda upande? Na vikombe vya meno 26 mnavipata wapi, au nitoe kwenye Raleigh nyingine iliyokufa? La breki nitauliza baadaye, kwanza izunguke.

Natanguliza shukrani.