Kisima cha Baba Neema

*Kikundi: UKOO WETU, MAJI YA CHAI*

Jumamosi

Baba Neema: Shikamoo Shangazi, na wakubwa wote. Kisima kimetoka! Mita 80. Maji meupe pe, baridi. Picha ya glasi hiyo hapo 👆

Shangazi (Moshi): Marahaba mwanangu. Hongera jamani, ndoo kichwani basi!

Eli: Hongera kaka. Umeshapeleka sampuli maabara?

Baba Neema: Ya nini tena? Si unaona glasi?

Eli: Kupima floraidi, aina ya madini. Haina rangi wala harufu. Inatoka kwenye miamba ya volkano ya huu Mlima Meru wetu. Maji yakikaa humo chini muda mrefu yanaiyeyusha.

Mama Neema: Mimi ya mtoto nachemsha, shemeji.

Eli: Kuchemsha kunaua vijidudu tu. Floraidi haitoki na mvuke. Maji yakipungua sufuriani, yaliyobaki ndiyo makali zaidi.

Bibi Neema: 🎤 0:47

Shangazi (Moshi): Kwa mlio kazini: wifi anasema wao walikunywa ya mto na hawajafa. Meno ya kahawia ndiyo kitambulisho chao, ukimwona mtu stendi Arusha akicheka unajua ni wa kwetu 😂

Eli: Meno ni aibu tu, Shangazi. Ikizidi kwa miaka mingi inaingia mifupani: mgongo unakakamaa, magoti hayakunjiki. Watoto wengine miguu inapinda. Na meno ya kudumu ya mtoto yanaharibika yakiwa bado ndani ya fizi.

Baba Neema: Haya. Jumatatu napeleka.

Ijumaa

Baba Neema: Majibu: 6.4.

Eli: Kikomo cha Shirika la Afya Duniani ni miligramu 1.5 kwa lita. Yako ni mara nne na ushee.

Baba Neema: Kwa hiyo hela yangu nimeizika ardhini.

Eli: Hapana. Fua, oga nayo. Ya kunywa na kupikia kinga ya mvua. Paa la bati unalo, weka gata na tanki. Au chuja floraidi kwa mtungi wa mkaa wa mifupa ya ng'ombe, wataalamu wa kituo cha utafiti cha Ngurdoto wameufanyia kazi miaka mingi. Ila mkaa ukichoka lazima ubadilishwe.

Shangazi (Moshi): Mifupa? Supu na maji humo humo? 😳

Eli: Inachomwa kwanza, Shangazi. Lingine ni magadi. Mengine yana floraidi kupita hata maji yenyewe.

Shangazi (Moshi): Hapo sasa umegusa pabaya. Makande bila magadi yataiva lini?

Eli: Loweka usiku kucha.

Baba Neema: Nani ana namba ya fundi gata asiye na maneno mengi?

Jumamosi

Mama Neema: Mahindi na maharage nimeloweka tangu jana. Bibi ameshaniuliza mara tatu kopo la magadi nimelificha wapi.